Mkutubi Asiyepokea Riwaya Kimyakimya

Mkutubi wa basi la vitabu hapokei riwaya kimyakimya. Kila Alhamisi basi linaposimama kando ya kanisa letu, huvua miwani, huifuta kwa ncha ya sweta, kisha huuliza kwa sauti ya kuamsha kijiji: "Enhe, umeionaje?" Usipojibu, hagongi muhuri. Foleni itagandia kwenye theluji, naye atangoja. Mume wangu Torleiv alimpendea hilo. "Kurasa mia nne, na mvua ya humo haijakatika!" alikuwa akimwambia, wakicheka mpaka dereva apige honi.

Baada ya mazishi nilirudisha riwaya ya mwisho. "Aliionaje?" akauliza.

"Bwana wee, mume wangu tumemzika Jumanne. Hakuimaliza. Ipokee tu, niende zangu."

Alikigusa kwa kidole gumba kijikaratasi alichoacha Torleiv katikati ya kurasa, asikitoe. Akagonga muhuri wa wiki tatu zaidi, akanirudishia kitabu. "Basi malizia wewe, mama, uje uniambie."

Mimi, ambaye tangu kipaimara nasoma Biblia na tenzi tu! Mungu anisamehe, nilimsema moyoni njia nzima. Sasa niko ukurasa wa mia mbili, na yule mjane wa kitabuni bado hajaifungua barua ya mumewe. Alhamisi huyo bwana atanikoma.