Kuku Niliyemuuguza Mahege

Mume wangu alikuwa karani kwenye ghala la korosho la serikali. Walipokuja kusema kwamba biashara sasa ni ya kila mtu na serikali inajitoa, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupunguzwa kazi. Wakati ule kila aliyepunguzwa alikuwa na mradi. Wake ulikuwa kuku wa kisasa. Kiinua mgongo chake kikaishia kwenye boksi lililotobolewa matundu, vifaranga wa siku moja, akawapakata mapajani kutoka Dar es Salaam hadi Mahege, kwenye gari lililokwama kwenye tope mara mbili.

Yeye aliwaleta. Mimi ndiye niliyewalea. Niliwawekea jiko la mkaa bandani wapate joto, nikawatwangia dagaa, nikawabadilishia pumba za mpunga kila asubuhi kabla sijaenda shamba. Walikua vizuri. Mume wangu alikuwa akileta watu waje kuwaangalia, anasimama mlangoni mikono nyuma kama mkaguzi.

Walipotimiza miezi mitatu wakaanza kuchechemea. Kuku analala ubavu, mguu mmoja ameutanguliza mbele na mwingine ameurudisha nyuma, macho mazima, hamu ya kula anayo, ila chakula hakifikii. Baada ya siku chache anakufa. Tulikuwa tunafukia watatu, wanne kwa siku.

"Umewafanya nini kuku wangu?" mume wangu akaniuliza mbele ya mama yake.

"Sijawafanya kitu."

"Basi una mkono wa nuksi."

Mama mkwe, ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu, hakusema neno. Lakini kesho yake nilipofika kisimani, wanawake walinyamaza, nikajua neno limeshafika.

Kuku bandani walipokaribia kuisha, mume wangu alikwenda delta, kule mto unakoingia baharini. Wanunuzi wa kamba wa baharini walikuwa wameanza kuingia na barafu zao, na kila mwanamume aliyeishiwa na la kufanya alikimbilia huko. Aliniachia kuku mmoja, tetea mweupe, naye kapooza kama wenzake.

Sitasema nilimpenda. Nilitaka asimame, basi. Nilitaka kuku mmoja kati ya wale asimame kwa miguu yake, watu wa Mahege wamwone.

Nilichukua mfuko wa salfeti, nikautoboa matundu mawili ya miguu, nikaufunga kwenye vigingi vinne, nikamtia ndani akawa ananing'inia, kifua hakisuguliwi na ardhi. Mbele yake niliweka chenga za mchele na mchicha kwenye kifuu cha nazi. Maji nilimdondoshea kwa kidole. Asubuhi na jioni nilimkanda miguu kwa mafuta ya nazi, nikimkunja na kumkunjua vidole. Mguu wa kulia baada ya wiki tatu ulianza kukaza kidogo. Wa kushoto haukujibu kitu. Kuku wa majirani walimdonoa kishungi mpaka kikatoka damu, nikamzungushia makuti.

"Unamuuguza kuku," mama mkwe aliniambia siku moja, "kama kwamba huna watu wa kuwauguza."

Siku iliyofuata nilimtia kuku kwenye kikapu nikaenda Kibiti. Bwana mifugo wetu wa zamani, aliyekuwa akizunguka vijijini kwa baiskeli na chanjo za serikali, naye alikuwa amefungua duka lake la dawa. Alimtoa kuku, akamshika mapaja, akamrudisha kikapuni.

"Ugonjwa huu hauna dawa, mama. Kinga yake ni sindano moja, kifaranga akiwa wa siku moja, kabla hajatoka huko anakototolewa."

"Kwa hiyo wale hawakuchanjwa?"

Aliniangalia kwa mshangao. "Mumeo hakukwambia? Alinipitia hapa kabla ya safari. Nilimwambia achukue waliochanjwa, hata kama watakuwa wachache. Aliporudi nikamuuliza, akacheka, akasema kuku ni kuku. Wakati wanaanza kuchechemea alikuja tena. Nikamwambia ndiyo hayo niliyokuonya."

Niliketi kwenye benchi lake mpaka mteja mwingine akaingia. Kisha nikamwambia ahsante, nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza nimemshukuru kwa lipi. Siku ile mume wangu aliponiuliza nimewafanya nini kuku wake, alikuwa anajua. Alinitazama usoni na alikuwa anajua.

Niliendelea kukanda. Mwezi wa pili wa kumkanda, kuku alisimama. Alisimama kwa mguu mmoja, ameegemea ukuta, ule wa kushoto ukiburuta. Lakini alisimama, akajikokota hadi mlangoni kwenye jua. Alitaga yai moja dogo lenye ganda laini. Nilimwacha pale mlangoni makusudi, apitaye amwone.

Mume wangu alirudi siku ya Ijumaa, baada ya sala. Hakurudi peke yake. Alikuja na msichana wa visiwa vya delta, ameshamwoa huko huko, na washenga wawili. Yule msichana alinipigia shikamoo kwa adabu, macho chini. Sikuwa na ugomvi naye.

Mama mkwe akatoka uani. "Wageni hawalali na njaa. Yupo yule kuku."

"Yule ni mgonjwa, mama," nikasema.

"Anasimama. Nimemwona mwenyewe anasimama."

Nikamgeukia mume wangu. "Nilifika Kibiti kwa bwana mifugo. Amenieleza habari ya chanjo."

Alianza kufuta tope kwenye kiatu chake. "Mambo hayo yameshapita, bi mkubwa." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

"Chanjo gani?" mama yake akauliza.

"Hakuna kitu, mama."

Nikamweleza mwenyewe, yote, washenga wakisikia. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hata kama alijua. Mwanamume hasutwi mbele ya wageni. Kamata kuku."

Nilimkamata. Hilo najua wengi hawalielewi nikiwasimulia, na mimi nimeacha kulieleza. Nilimshika mbawa na miguu, mume wangu akamwelekeza kibla, akasema bismillahi, akachinja. Ule mguu wa kushoto, niliokuwa nikiukanda miezi miwili bila kunijibu, ulinipiga teke la kiganjani, ukatulia.

Nilimpika kwa tui zito na ndimu. Nilipika vizuri. Ningeweza kuuacha mchuzi ukatike, ningeweza kuzidisha chumvi, wala hakuna ambaye angenishangaa. Lakini nilionja, nikarekebisha, nikapakua. Walikula wakaramba vidole. Mpaka leo hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Baada ya mavuno ya mpunga nilirudi kwetu Ngorongo. Mahege sijarudi tangu hapo, na nasikia bado wanasema mimi ndiye niliyeua mradi wa yule bwana. Hapa nafuga kuku wa kienyeji wachache. Akipooza mmoja, namtafutia mtu wa kumchinja siku hiyohiyo.