Ini Lililo Hai

Magidu amechinja mbuzi mjini Bwera kwa miaka ishirini na sita, na ini hulijua kwa vidole kabla ya macho. Likiwa na doa jeupe, hukata pale palipoharibika na kuuza linalobaki.

Tangu Januari dada yake mkubwa, Kulusum wa kijiji cha Nyakiyumbu, alikuwa akimchemshia mizizi michungu kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Kufikia Aprili macho ya Magidu yalikuwa ya manjano. Kulusum akaongeza kikombe cha pili. Siku hizo Magidu alisimama kibandani kama mtu aliye ndani ya usingizi: malori ya mpakani Mpondwe yalipita bila sauti, ukungu wa mlimani ukashuka mpaka kwenye ndoano za nyama, naye akasahau amekusudia kukata nini.

Huko Kasese, daktari Kenyangi alipima damu, akasema ini linaharibika. Magidu akamwomba akate kipande kibovu tu.

“Hakuna kipande, mzee,” alisema Kenyangi, akichora viduara nyuma ya bahasha. Katika kila seli, alieleza, kuna protini inayozuia amri ya kufa. Sumu ikiipunguza, seli hujiua, na ikifa humwaga vitu vinavyoita uvimbe. Uvimbe nao huua seli za jirani. Alishuku ile mizizi. Ikiachwa mapema, ini litaota upya.

Magidu alitazama viduara vile kwa muda mrefu. “Musawo, maini yote niliyoshika yalikuwa yamekufa. Sijawahi kukutana na moja lililo hai.”

Shida ilikuwa Kulusum. Mama yao alipofariki, ndiye aliyemlea Magidu, na hakuna aliyewahi kumrudishia kikombe kikiwa kimejaa. Magidu alimkuta mlangoni, ameshika kikombe kilichofunikwa kwa kitambaa.

“Kunywa, mutoto wa mama.”

“Dada, hii ndiyo inanichoma.”

Kulusum alifunua kitambaa, akatazama mvuke mpaka ukaisha. “Basi ni mimi nimekuua?”

“Bado,” alisema Magidu. “Ukiacha, linaota.”

Kulusum akaimwaga dawa mwenyewe kwenye migomba, polepole. Tangu hapo alikuja kila asubuhi mikono mitupu, akamlaza mkekani na kuweka kiganja chini ya mbavu za kulia, amefumba macho. Wiki ya saba damu ilipimwa tena; uvimbe ulikuwa unashuka. Magidu alipompa habari, Kulusum hakuondoa mkono.

“Nyamaza kwanza,” alisema. “Iko nafanya kazi.”