Mchicha wa Kwa Binti Madi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupima hata tone la maji. Mkuu wa Maabara, bwana mrefu aliyevaa koti jeupe lililopauka kwa kufuliwa, alinikabidhi beseni, brashi na kreti ya chupa, akasema, "Osha." Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha fundi sanifu, na nilitarajia kuonyeshwa darubini. Alipokuja kukagua, aliinua chupa moja akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha kwenye beseni.

"Chupa chafu inasema uongo, Rukia. Na ukishaandika uongo, kuna mtu ataunywa."

Nikaiosha upya. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, enzi ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imeanza kujaa barabarani na mashirika ya umma yanapunguza watu. Idara yetu ya Maji nayo ilikuwa hoi. Kazi ilitutaka tuzungukie vituo, yaani zile sehemu za mto ambapo maji huchotwa kila mara mahali palepale ili yalinganishwe na ya nyuma. Lakini pikapu yetu ilikuwa imeinuliwa juu ya mawe haina matairi, na hata ilipopata matairi haikupata petroli. Ndipo Mkuu aliponiita ofisini.

"Unahamia Temeke. Kuna kijito kinapita nyuma ya Mtoni. Gari huna, ila wapo watu wanaokaa nacho. Tafuta wa kujitolea, uwafundishe."

Kijito chenyewe hakikuwa na jina kwenye ramani. Wenyeji walikiita Kwa Binti Madi. Kilianzia kwenye miinuko, kikapokea mvua ya mitaa kadhaa, kikapita chini ya ukuta wa kiwanda cha nguo, kisha kikaingia kwenye bustani za mchicha na matembele kabla ya kuelekea baharini. Katika bustani hizo niliwapata wawili ambao sitawasahau.

Wa kwanza alikuwa Mzee Shomari, mzaliwa wa hapohapo. Bustani yake aliirithi kwa mama yake. Wa pili alikuwa jirani yake, Mama Anjela, mama wa Kihehe aliyekuja mjini na mume. Mume alipunguzwa kazi kiwandani, akarudi Iringa kulima na hakuleta habari tena. Mama Anjela alibaki na watoto, na Mzee Shomari akamkatia kipande cha ardhi pembeni ya matuta yake. "Chukua ulime, mwanangu," alimwambia. "Maji hayakosekani hapa." Hivyo ndivyo ujirani wao ulivyoanza, na watoto wa Mama Anjela wakakua wakimwita babu.

Nikawafundisha pamoja na wengine wachache. Walijifunza kuchota sampuli, yale maji kidogo yanayowakilisha kijito kizima, chupa ikielekezwa kule maji yanakotoka ili mkono usiyachafue. Walijifunza kuchovya karatasi ya litimasi na kuangalia ikigeuka rangi, ndipo ujue kama maji yana ukali. Lakini kipimo walichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha wadudu. Unainua jiwe na kutazama chini yake. Ukikuta watoto wa kereng'ende, wale wanaoishi majini kabla hawajaota mabawa, ujue maji yana hewa ya kutosha na yako salama kiasi. Ukikuta minyoo myekundu peke yake, kijito kinaumwa.

Mama Anjela alikuwa na macho makali. Jumamosi asubuhi, siku yetu ya kupima, nilimkuta ameshakunja kitenge magotini, yumo majini anainua mawe. Mzee Shomari alikaa ukingoni akimtania.

"Mama Anjela, wadudu hao unawatafutia mboga?"

"Nawasalimia tu, babu. Wakihama nitajua nimewaudhi."

Ile miaka ya mwanzo ilikuwa miaka mizuri, nikiikumbuka. Kiwanda kilikuwa kimelala, mashine zimekufa, na maji yalikuwa maangavu hadi ukaona mchanga.

Kisha kiwanda kikauzwa kwa mwenye mali mpya, kikaanza kutia nguo rangi tena. Watu walifurahi, kazi zimerudi. Mama Anjela ndiye aliyekuja kuniambia kwamba asubuhi nyingine maji yalishuka ya zambarau, na kwamba chini ya mawe hakukuwa na kitu tena, hata minyoo. Tukachota juu ya kiwanda na chini yake, nikapeleka maabara. Maji ya juu yalikuwa salama. Ya chini yalikuwa na metali nzito, aina ya sumu isiyokwisha kwa kuchemsha, inayojikusanya mwilini polepole.

Niliporudi na majibu, Mama Anjela akasema, "Basi tupime na mchicha."

Mzee Shomari aliweka chini keni yake ya kumwagilia. "Ukiuliza, uwe tayari kujibiwa, mwanangu."

"Babu, watoto wanakula hii mboga. Wa kwangu na wa watu. Bustani yako ndiyo iko karibu na bomba lao la kumwaga maji ya rangi. Tukipeleka ya kwako hawatakuwa na la kusema, watalifunga."

Mzee hakupenda. Nilimwona anaangalia matuta yake, tuta kwa tuta. Mwishowe alishuka, akang'oa fungu la mchicha mnono, akasuuza mizizi na kumpa Mama Anjela mkononi, si mimi. "Nimempa huyu," aliniambia. "Wewe nakuheshimu, bibie, lakini huyu ndiye namjua."

Majibu yalikuwa mabaya. Nikayapeleka kwa Mkuu wa Maabara, naye akayapeleka juu kama taratibu zilivyotaka. Mimi na Mama Anjela tulisubiri siku ambayo bomba lingefungwa.

Kilichotoka kwenye kikao cha wakubwa hakikuwa hicho. Kiwanda kilipewa muda wa kujirekebisha. Bustani ziliamriwa zifyekwe mara moja, kulinda afya ya walaji. Nilimwuliza Mkuu ilikuwaje. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake, akachelewa kuirudisha usoni.

"Nilisema yote uliyoyaandika, Rukia. Sikupunguza neno. Kiwanda kilikuja na wakili. Mchicha haukuwa na mtu."

Asubuhi ya kufyeka, pikapu yetu ilipata petroli. Ilibeba mgambo na mapanga. Nilipanda nayo kwa sababu sikutaka wawili wale wakutane na wageni peke yao. Mgambo hawakuwa watu wabaya, mmoja alimwamkia Mzee Shomari, "Shikamoo mzee, tusamehe, tumetumwa," kisha akaanza na tuta la mbele. Harufu ya majani mabichi ilijaa bonde lote. Mama Anjela alisimama mbele yao, akawaambia waanze na la kwake, lakini walikuwa wengi na walifyeka kila upande kwa pamoja.

Alipogeuka, Mzee Shomari alikuwa anamtazama.

"Babu, nilidhani watafunga bomba," alisema.

"Najua ulichodhani," Mzee alijibu. Akaokota keni yake akaondoka.

Hawakugombana, na hilo ndilo lililomuumiza Mama Anjela. Walipokutana njiani mzee aliitikia salamu yake kwa upole na kupita. Hakumtania tena. Hazikupita siku nyingi akahamia Kiwalani kwa binti yake, mahali pasipo na hata kiganja cha udongo wa kupanda kitu, na huko alifariki. Tulikwenda msibani pamoja. Mama Anjela alikaa mkekani na wanawake, amejitanda khanga. Binti wa marehemu alikuja kukaa karibu yetu.

"Wewe ndiye Mama Anjela? Baba alikuwa anakutaja. Alikuwa akisema, yule mama ni mkweli."

"Alisema kwa uzuri?" Mama Anjela aliuliza.

Binti alifikiri. "Alikuwa anasema tu."

Wa kujitolea walipungua mmoja mmoja. Mama Anjela ndiye aliyekuwa wa mwisho kuja Jumamosi, hadi dawa za kupimia zilipokwisha na Idara haikuleta nyingine. Kiwanda chenyewe kilikuja kufungwa, si kwa sababu yetu, bali kwa sababu nguo za mitumba zilikuwa rahisi kuliko vitenge vyake. Mimi nilihamishiwa Kinondoni, nikapima visima vya Manzese chini ya wakuu wengine, baadhi wazuri na baadhi wa kusaini tu. Huko ndiko nilikostaafia.

Vijana huniuliza kama kazi ile ilikuwa na faida. Huwaambia kweli, kwamba kupima ni kazi nyingine na kuamua ni kazi nyingine, na anayepima hachagui jibu litaangukia kichwa cha nani. Nawaambia wapime vilevile. Lakini sisemi kwa sauti kubwa.

Baada ya kustaafu nilimtafuta Mama Anjela, nikampata Mbagala, mvi tupu, anaishi na Anjela na wajukuu. Alinikaribisha chai na mihogo ya kuchemsha. Tulizungumza habari za magoti, za watoto, za bei ya kila kitu. Kisha nikamwuliza nililokuwa nimelibeba miaka yote, kama angejua mwisho wake, je, angepima?

Alimimina chai polepole.

"Ningepima, dada. Watoto walikuwa wanakula." Akasukuma kikombe upande wangu. "Ila ningeng'oa wa kwangu. Nisingemwomba yule mzee."

Mjukuu wake aliingia kuuliza jambo la shule, naye akamjibu, na mimi nikanywa chai yangu ikiwa bado inaunguza.