Disko kwa Malipenga

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Mbinga yakajaa radio kaseti, disko lilishuka hadi kwetu ziwani na jenereta lake. Vijana wakaacha kuja kwenye mganda, ngoma yetu ya asili. Kikundi chetu kilikuwa na ngoma na malipenga, vile vibuyu virefu vyenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Ukiimba ndani yake, sauti inatoka kama tarumbeta. Jumapili moja tulicheza mbele ya wanawake wachache na mbuzi.

Mjomba wangu, kiongozi wetu, alipanda lori hadi Mbinga akarudi na kaseti ya disko na radio ya kuazima. Tukaisikiliza.

"Humu hakuna anayeimba," nilimwambia. "Ni mashine tu."

"Basi tutakuwa mashine," akasema.

Ngoma kubwa ikachukua ule mdundo usiokoma. Mimi, kwenye ngoma ndogo, nikafuata milio iliyokuwa kama mvua juu ya bati. Wapiga malipenga ndio walioteseka, maana mashine haivuti pumzi. Mjomba akawapanga wapokezane, mmoja akiishiwa mwenzake ameshaingia.

Tulilipiga disko letu sikukuu ya kanisa. Uwanja ulifurika, hata mwenye disko alizima jenereta akaja kutusikiliza. Tukaalikwa Chiwanda, Liparamba, hadi harusi za Mbinga mjini. Kila tukianza wimbo wetu wa zamani, watu walitaka turudie disko. Tukarudia. Ilikuwa raha kutakiwa.

Miaka ikapita, bibi akafariki. Mama alimfuata mjomba pale msibani.

"Kaka, mpigieni mama ule wimbo wa mtumbwi. Aliupenda."

Mjomba akainua lipenga. Mstari wa kwanza ulitoka, wa pili ukamkataa. Akatutazama. Mimi nilikumbuka mapigo tu, na mzee aliyeyashika maneno tulikuwa tumeshamzika. Mama alisubiri, kisha akasema kwa upole, "Basi, kaka. Acha."

Tukamsindikiza bibi kwa nyimbo za kitabu cha kanisa.

Jioni mjomba aliniambia, "Disko lile tulilipiga vizuri mno."

Baadaye tulipita kwa wazee kijiji hadi kijiji, tukiomba watuimbie walichokumbuka. Tulipata vipande vingi, ila havikushikana. Nyimbo tulizoweza kuzifufua ni mbili, na ule wa mtumbwi haumo.