Wakamwana na Daftari la Wapiga Kura

Mwaka ule wa kuandikisha wapiga kura nilipata kibarua cha kuendesha mashine, nikapangiwa kijiji nilichozaliwa, huku Masukulu. Nilijiona nimerudi nyumbani kuwakomboa watu, na kompyuta yangu, kamera yangu na kitambaa cheupe cha kutundika ukutani. Tulipewa siku saba, baada ya hapo mashine iende kijiji kingine.

Ofisi ya kijiji ni chumba kimoja chenye mlango mmoja. Mimi nilikaa mezani, mbele yangu stuli ya anayepigwa picha, nyuma yangu kiti cha babu, baba yake baba. Serikali ya kijiji ilimweka pale awatambue wakazi, maana alikuwa mzee kuliko wote na alijua kila kaya ilivyoanza. Mimi na yeye tulikuwa na utani wetu. Aliniita mchumba mbele za watu, nami nikamuuliza mchumba gani huyu asiye na jino la kutafunia mahindi. Tulicheka hivyo huku watu wakiingia na kutoka.

Siku ya tatu jioni nilipitia orodha. Wanaume wa upande wa juu, ambako ndiko kwetu, walikuwa karibu wameisha. Mabinti wa huko nao walikuwamo. Lakini wake za watu, hakuna hata mmoja. Mama yangu mwenyewe hakuwamo.

Nilipanda mlima na hasira zangu, nikamkuta jikoni anamenya ndizi. Hata kumsalimia sikumsalimia vizuri. Nikamwambia wanawake wa huku mnajidharau wenyewe, mashine imeletwa mlangoni, mtoto wako ndiye anayeiendesha, na bado mnaona uvivu kuteremka. Halafu kesho mtalalamika kwamba bomba la maji limeishia upande wa chini. Nilisema mengi, na mengine sitayarudia hapa kwa sababu yananitia aibu.

Mama aliimaliza ndizi aliyokuwa ameishika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mle ofisini, nyuma yako amekaa nani?"

Nyuma yangu alikaa babu, baba mkwe wake.

Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka mzee apite. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, na kama kuna neno la kuambizana hupelekwa na mtoto. Na baba mkwe si mmoja: kaka na wadogo zake wanaume nao ni baba wakwe. Upande wa juu wote ni ukoo mmoja, kwa hiyo babu alikuwa mkwe wa karibu kila mwanamke aliyeolewa huko. Siku hizi wengi wameiacha mila hiyo, hasa mjini Tukuyu. Mchungaji wetu amehubiri mara nyingi kwamba imepitwa na wakati. Babu aliitikia amina, akarudi nyumbani, mambo yakaendelea kama yalivyokuwa. Mimi ni mjukuu, mila hiyo hainigusi, na ndiyo maana nilikaa siku tatu mbele ya kile kiti bila kukiona.

"Mimi sijapiga kura hata mara moja," mama akasema.

Sikuwa najua. Alikuwa amepita miaka sitini. Kila uchaguzi ulifanyika pale pale ofisini, babu na wenzake wakishinda pale uwanjani tangu asubuhi, na wakamwana wakabaki nyumbani. Baba alikuwa akimtuliza kwamba nyumba moja, kura moja inatosha.

"Safari hii nitaandikwa," akasema, kwa sauti ile ile ya kusema chumvi imeisha.

Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba babu ahamishiwe nje, au wanawake watengewe hata mchana mmoja. Mwenyekiti alicheka. Alimwambia mambo ya mila wayamalize nyumbani, serikali haina mkwe. Mama alimshukuru, akatoka, na siku ya tano akashinda kwenye mvua akipita mlango kwa mlango. Kuna nyumba alizokaribishwa, kuna moja alifukuzwa na mume mtu, akasimama nje chini ya mwavuli mpaka yule bwana alipokwenda shambani, kisha akaingia.

Siku ya sita alinituma. "Mwambie babu yako kesho wakamwana wake watakuja. Tunaomba akae nje."

Nilimpelekea babu maneno hayo, siku hiyo bila utani. Akaniuliza swali moja.

"Nikikaa nje, nani atawatambua?"

Nikalipandisha swali hilo mlimani. Mama hakufikiri hata kidogo.

"Mwambie tunatambuana wenyewe."

Asubuhi ya siku ya saba nilimfikishia jibu hilo. Babu aliingia ofisini, akakaa kwenye kiti chake.

Mvua ilikuwa inanyesha. Saa nne wanawake wakateremka, vitenge vichwani, wakajibanza nyuma ya ofisi kwenye migomba. Kupitia dirishani niliwasikia wakinong'ona. Mwenyekiti alichungulia akanikumbusha kwamba saa kumi kamili nafunga mashine. Ikafika saa sita. Ikafika saa nane. Hakuna aliyeingia. Nilitaka kuinuka nimshike babu mkono nimtoe nje, tena nilikuwa na kila sababu. Sikuinuka. Nilimwogopa, nami ndiye mchumba wake.

Ndipo mama akaingia.

Kitenge kilikuwa kimemfunika uso mzima, anatazama miguu yake. Alikaa kwenye stuli. Nikamuuliza majina yake kana kwamba simjui, akanijibu kwa sauti ndogo. Tulipofika kwenye alama za vidole, kidole kilikuwa kimelowa, mashine ikakikataa mara mbili. Nilikifuta kwa gauni langu. Ya tatu ikakubali.

Ikabaki picha, na mashine haipokei uso uliofunikwa.

"Mama," nikamwambia polepole, "kitenge."

Alijua aliyekuwa nyuma yangu. Alikivua, akakikunja vizuri kama anayekunja nguo ya kuweka sandukuni, akakilaza mapajani, akainua uso. Nikabonyeza. Picha ikatoka.

Hapo ndipo niliposikia miguu ya kiti ikiburuzwa sakafuni. Niligeuka. Babu alikuwa amekigeuza kiti chake, anatazama ukuta.

Mama alitoka nje na kadi yake akawaita wenzake. Wakaingia mmoja mmoja, kila aliyemaliza akimtambulisha anayefuata: huyu ni wa nyumba ile yenye mparachichi, huyu tuliolewa mwezi mmoja. Wengine walikuwa wanacheka kwa woga, na mmoja alilia nikasubiri anyamaze nimpige picha. Babu hakugeuka, wala hakutoka hata kunywa chai. Saa kumi ilipofika mwenyekiti alikuja kufunga, na mwanamke wa mwisho alikuwa ameshashika kadi yake. Mwaka ule mama alipiga kura.

Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti alimshukuru babu kwa hekima yake ya kuwaruhusu akina mama kujiandikisha. Watu wakapiga makofi. Babu alipofariki, habari hiyo ilisimuliwa tena msibani, tena kwa sifa nyingi zaidi. Mama alikuwa amekaa mkekani na wenzake, anamlilia mkwe wake kwa machozi ya kweli, na hakupinga neno. Mimi nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Jioni nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Nimefiwa," akasema. "Wewe ulikuwepo. Sema wewe."

Basi nasema. Babu nilimpenda, na kugeuza kile kiti hakukuwa kitu kidogo kwa mzee kama yeye. Lakini hakumruhusu mtu. Kadi ya mama ipo, imetunzwa ndani ya Biblia yake, na yeyote anaweza kuomba aione. Kwenye picha ile hatazami kamera. Anatazama juu yake kidogo, juu ya bega langu, kwenye kiti cha babu, kidevu kimeinuliwa. Kama babu angekuwa ameshageuka, pale pangekuwa na mgongo wa mzee tu, na hakuna mwanamke anayeutazama mgongo kwa macho yale.