Karatasi ya Kapteni

Mchana ule tulikuwa ukumbi wa parokia, Uvira, tukila mihogo ya kuchemsha na kufanya mazoezi ya mchezo. Aliyeutunga ni Matias, kijana wa Kijerumani aliyekuja kutufundisha muziki akanogewa na maigizo. Kiswahili chake kilichechemea, lakini alijua kutuchekesha.

Karatasi zilikuwa za kubahatisha, kwa hiyo kila mwigizaji alinakiliwa maneno yake tu. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Niliandika kwa herufi kubwa ili hata wasiozoea kusoma wasikwame. Mchezo mzima ulikuwa katika daftari la Matias. Mimi niliigiza Kapteni, na maneno yake nilikuwa nimeyatia mfukoni.

Wapiganaji waliingia saa tisa.

Walitupekua. Mmoja akaichomoa karatasi yangu, akasoma kwa sauti: "Vukeni mto alfajiri. Chomeni ghala. Asibaki mtu."

Mchezo wote ulimcheka Kapteni huyo. Lakini vicheko vilikuwa kwenye karatasi za wenzangu.

"Hii maandiko ni ya nani?"

Nilitazama sakafu.

"Ni yangu," Matias alisema. Akawanyooshea daftari wajionee kwamba ni maigizo.

Hawakulifungua. Washenzi wale hawakulifungua hata ukurasa mmoja!

Walimtia ile karatasi katika mfuko wa shati, wakamtoa nje. Ukasikika mlio mmoja.

Miaka mingi imepita. Sasa naishi ughaibuni, mtaa wa Rinkeby, na kufanya usafi hospitalini Flemingsberg. Mwezi uliopita mama yake Matias alikuja kutoka Ujerumani kuniona. Tuliongea Kifaransa jikoni kwangu. Alisema maofisa walimwandikia kwamba mwanawe aliuawa na risasi iliyopotea njia.

"Haikupotea!" Niligonga meza, vikombe vikaruka. "Ilijua inakokwenda!"

"Pappa, skrik inte," binti yangu alinikemea kwa lugha ya huku kutoka sebuleni. Nisipige kelele. Kwa nini nisipige? Mtu anauawa kwa sababu ya mchezo wa kuchekesha, kisha wakubwa wanaisingizia risasi!

Mama yule hakubisha. Alifungua mkoba, akatoa bahasha, na ndani yake karatasi ya Kapteni. Walikuwa wameikuta katika mfuko wa shati la marehemu.

"Ndiyo maandishi yake ya mwisho," alisema. "Kila Jumapili naibusu."

Ningeweza kunyamaza tena. Kunyamaza nakujua vizuri.

"Mama," nikasema, "huo mwandiko ni wangu. Walipouliza, niliogopa. Yeye akasema ni wake."

Alisogeza kikombe chake pembeni. 

"Matias naye alikuwa mwoga," alisema. "Tangu utotoni. Hata radi aliikimbia."

Kisha akaisukuma ile karatasi hadi upande wangu wa meza, akafunga mkoba, akavaa koti.

Nimewalaani wale wapiganaji kila siku, na bado nawalaani. Lakini kitu pekee alichobaki nacho mama yule, niliyemnyang'anya ni mimi.