Umeme Kwenye Nyuzi

Tumwagile anauza mchele na maharage ya milima ya Vidunda katika soko la Kilosa, na Jumapili anapiga gitaa la solo kwenye kwaya. Anaishi nyuma ya stesheni, katika nyumba iliyojengwa na babu yake aliyekuja mjini kufanya kazi ya reli. Ni mtu wa mashoto. Gitaa la kanisa lilitengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia, na kwa miaka mingi watu walimwambia ajizoeze au aache.

Simu ndiyo iliyomwokoa. Alisoma kwamba Jimi Hendrix, mpiga gitaa maarufu wa Marekani, naye alikuwa wa mashoto, akawa anachukua Stratocaster, gitaa la mkono wa kulia, anaigeuza juu chini na kupanga nyuzi upya. Tumwagile akafanya vilevile, na vidole vyake vikafunguka. Tangu hapo akawa mlevi wa habari za wapiga roki na magitaa yao. Alijua Keith Richards, mpiga roki wa Uingereza, anapenda gitaa aina ya Telecaster, tena ameing'oa uzi mmoja ikabaki na nyuzi tano.

Lakini kusoma huko ndiko kulikomletea hofu. Alisoma kwamba mwaka 1965 gitaa la huyo Richards liligusa stendi ya maiki huko Marekani, akaanguka na kuzimia jukwaani. Akasoma pia juu ya Les Harvey, mpiga gitaa wa Skotilandi, aliyeshika maiki mwaka 1972 mbele ya watu, umeme ukamuua.

Aliiweka simu chini. Kwaya nzima iliujua umeme wa maiki ya kanisani kwao. Ukisogeza midomo kwenye maiki, unatekenywa. Walikuwa wanachekeana.

"Kaka Melki, kile kitu kinaua," alimwambia Melkizedek, kiongozi wa kwaya na mpiga besi.

"Dada Tumwa, tumetekenywa miaka yote. Nani kafa?"

Kila Jumapili viganja vilimtoka jasho, na kwa kuwa alijua jasho linaupa umeme njia, akaogopa zaidi, jasho likazidi. Akawa anapiga akiwa na malapa ya mpira, mbali na maiki.

Kipindi cha masika wakaalikwa kwenye mkutano wa injili Mikumi, uwanjani kando ya barabara kuu. Umeme ulivutwa kwa waya mrefu kutoka duka la jirani. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Majani yalikuwa yamelowa chepechepe. Hildegarda, mwimbaji wao, alikuwa amevua viatu vilivyojaa tope.

Tumwagile alimwona, akamgeukia Melkizedek. "Melki, Hilde yuko peku."

"Mchungaji ameshatutangaza. Anza."

Akaanza. Hildegarda akaishika maiki kwa mikono miwili, akaimba mstari mmoja, kisha sauti ikageuka kuwa mngurumo. Akakakamaa. Kichwa kikaenda nyuma, macho yakatoka.

Watu wakapiga vigelegele. Walidhani ameshukiwa na Roho. Mchungaji akainua mkono, akamwendea amwekee juu ya kichwa.

"Usimguse! Mchungaji, usimguse, ni umeme!"

Tumwagile hakuijua sauti yake mwenyewe. Akalitupa gitaa, akakimbia akiufuata ule waya kwenye majani, akiogopa kuukanyaga. Lapa moja likabaki kwenye tope. Sasa mguu mmoja ulikuwa mtupu kwenye maji, na kila hatua aliisubiri iwe ya mwisho. Akaingia dukani bila hodi, akampita mwenye duka aliyeduwaa, akaikamata swichi kubwa ukutani na kuishusha.

Uwanja ukanyamaza. Kisha akasikia mtu analia.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda, maana hakutaka kuona. Hildegarda alikuwa chini, midomo imepauka. Tumwagile akapiga magoti, akaweka sikio kifuani pake, akasikia mapigo ya moyo wake mwenyewe tu. Akasubiri. Ndipo Hildegarda akakohoa.

"Tumwa," alinong'ona, "nilitaka kuiachia. Mkono ulikataa."

Walimpeleka hospitali akiwa ameungua viganja. Akapona.

Abeli, fundi umeme wa Kilosa, alipovikagua vyombo vya kwaya alikuta pini ya waya wa kwenda ardhini, unaoondoa umeme uliovuja, imekatwa ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Jioni Melkizedek alikwenda kwa Tumwagile, akakaa kibarazani, akasema, "Nisamehe, dada. Ningemzika Hilde."

Vyombo vimetengenezwa. Abeli huvipima kila Jumapili kabla ya ibada, na bado Tumwagile hugusa nyuzi kwanza kwa mgongo wa mkono, haraka, kama mtu anayepima pasi. Siku nyingine hofu humshinda, akalifuta gitaa na kulirudisha kwenye mfuko wake.

Hildegarda hashiki tena maiki. Anaimba akiwa amesimama karibu na mlango, kwa sauti yake tupu, na Tumwagile hupunguza sauti ya gitaa mpaka maneno yasikike nje.